Siku Mitumbwi Ilipofudikizwa

(Barua hii haikutumwa. Ilibaki ndani ya daftari la Jiografia.)

Bwenini, Ngara
Jumapili, 13 Julai 2025

Dada Suzan,

Shikamoo. Naandika hii kwanza ili mkono uzoee ukweli. Kuituma ni jambo jingine.

Asubuhi ya ajali baba alinituma kwenu kambini, kwenye mradi wa ndege ya kutua majini. Alikuwa anachimba kaburi la mzee Celestini pamoja na wenzake. Aliniita pembeni, akajifuta jasho, akasema: "Consolatha, nenda kwa wale marubani. Mwambie Kapteni Shibuda kwamba leo siingii ziwani. Kuna msiba, mitumbwi yote tumeifudikiza, matumbo juu, mpaka tuzike. Wasitue hapa. Mwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo."

Kupiga simu haikuwezekana. Simu ya baba, pamoja na nusu ya simu za kijiji, zilikuwa zimefungiwa kwenye kibanda cha kuchajia cha marehemu mwenyewe, na hakuna aliyejua aliuweka wapi ufunguo.

Ujumbe ule ulikuwa mzito, nami nilijua uzito wake. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba ziwa likitulia kama kioo, rubani aliye juu hawezi kujua maji yako chini yake kiasi gani. Ndiyo maana kila mnapotaka kutua, baba hupita kwanza na mtumbwi wa injini akayakunja maji, ili muone mikunjo. Mlikuwa mnakuita "kuvunja kioo". Bila baba, kioo hakivunjiki.

Nilifika saa mbili kasoro. Kapteni alikuwa mezani na wanaume wawili wageni, wanakunywa chai, wanacheka. Nilisimama kwenye uzio. Njia nzima nilikuwa nimeyakariri maneno ya baba kama shairi. Wiston mlinzi akaniuliza, "We binti, una shida?" Nikamjibu, "Hakuna shida."

Nilichana karatasi, nikaandika ujumbe wote, nikautia katikati ya kitabu chako cha hali ya hewa nilichokuwa nakurudishia. Nikampa Wiston. Nikamwambia ampe dada Suzan kabla hajaruka. Niliporudi makaburini baba aliuliza, "Umewaambia?" Nikasema ndiyo.

Saa nne nilikuwa namenya ndizi na wanawake wa msibani. Nikasikia injini yenu inatoka upande wa vilima. Nikatazama ziwa, halikuwa na hata mkunjo mmoja.

Consolatha

*

Bwenini, Ngara
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa dada Suzan,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Biharamulo, ataiacha stendi kwa shangazi, na mama ataichukua Alhamisi akija sokoni. Kwa hiyo ukiipata itakuwa inanuka dagaa, usishangae. Shule imefunguliwa Jumanne na simu haziruhusiwi bwenini, hivyo sina namna nyingine ya kukujulia hali.

Mkono unaendeleaje? Na Kapteni Shibuda, ameamka? Hapa kila mtu ananiuliza kuhusu ndege iliyopinduka ziwani kwetu, kwa kuwa wamesikia kwamba nyumbani ni pale. Nawaambia sikuona vizuri. Kwa kweli niliona. Niliona maboya ya ndege yanagusa maji, halafu mkia unanyanyuka juu taratibu kama mtu anayeinama kuokota kitu, halafu tumbo la ndege likawa linatazama mbingu. Baada ya hapo wanaume walikuwa wanakimbia kuifudikua mitumbwi.

Masomo yanaendelea. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba, na mwalimu wa Fizikia anasema ninaweza kupata daraja la kwanza iwapo nitajifunza kuuliza maswali darasani. Sijajifunza.

Kuna jambo dogo. Kile kitabu cha hali ya hewa nilikirudisha kabla sijamaliza sura ya mawingu. Kama kimekufikia, naomba unirudishie kwa mkono wa mama. Usihangaike kukifungua. Kurasa zingine zimelegea, nitazigundisha mwenyewe.

Mdogo wako,
Consolatha Idefonsi

*

Wodi ya wanawake, Biharamulo
20 Julai 2025

Conso,

Marahaba, na barua yako kweli ilinuka dagaa. Mama wa kitanda cha pili akauliza nani kaleta kitoweo.

Usiucheke mwandiko huu. Mkono wa kulia umo ndani ya plasta mpaka begani, kwa hiyo unasoma mkono wa kushoto. Mbavu mbili zimevunjika. Nikicheka zinauma, na huyu mama hanyamazi. Ananiita "yule wa kudondoka". Anataka kujua kama huko juu nilikutana na malaika nikamkosea adabu.

Kapteni bado hajaamka. Wamempeleka Mwanza. Mguu wake wa kushoto ulibanwa na usukani, na madaktari wanasema watajaribu kuuokoa. Sijui wanajaribu vipi. Sipendi kuuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, hilo unalijua. Lilikuwa somo langu la kumi na tisa. Ukitoka vilimani unaona ziwa lote, na siku ile lilikuwa limebeba mawingu yote chini kama yalivyo juu. Nilitafuta mikunjo ya mtumbwi wa baba yako. Niliona mstari mmoja mweupe, nikamwonyesha Kapteni. Akasema, "Haya, Idefonsi keshapita, tua." Sasa najua ulikuwa mstari wa majani yaliyokufa yanayoelea. Nilidhani niko mita tano juu, kumbe nimeshafika. Pua za maboya zikachimba maji.

Baba yako ndiye aliyenitoa. Nilikuwa ninaning'inia kichwa chini, maji yameshafika kwenye macho, mkanda haufunguki. Aliukata kwa panga lenye udongo mwekundu. Baadaye nikaambiwa ni panga la kukatia mizizi kaburini.

Sasa nisikilize. Wachunguzi wamekuja wawili. Mimi waliniuliza mara tatu kwa nini sikuzunguka tena kuhakikisha kama mtumbwi ulipita. Baba yako walimwuliza kwa nini hakuingia ziwani na kwa nini hakutoa taarifa. Unajua alijibuje? "Nilisahau. Msiba ulinichanganya. Sikumtuma mtu." Siamini. Mtu anayefika robo saa kabla ya wakati kila siku kwa miezi minane, asahau? Lakini ameweka dole gumba kwenye karatasi, na jina lake kaandika chini. Kamati ya mradi itakaa hapa Biharamulo Ijumaa tarehe 22 Agosti. Wakiona ni uzembe wake, faili linakwenda polisi.

Wewe ni mtoto wake. Ukimwandikia, mwulize. Mtu aliyenitoa majini sitaki afungwe.

Kuhusu kitabu, mbona sikumbuki ulikirudisha? Asubuhi ile yote imekuwa ukungu, kichwa kiligonga dirisha. Nitamwuliza Wiston.

Dada yako,
Suzan

*

Bwenini, Ngara
27 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mpe mama salamu, mwambie sabuni imetosha.

Baba, dada Suzan ameniandikia. Anasema umewaambia wachunguzi kwamba ulisahau na hukumtuma mtu. Baba, ulinituma mimi. Niliporudi ukaniuliza, nikasema ndiyo, na ile ndiyo yangu haikuwa nzima. Sikusema kwa mdomo kama ulivyoniagiza. Kapteni alikuwa na wageni nikashindwa. Niliandika.

Naomba uwaambie kwamba ulinituma. Hata kama hutaki kunitaja kwa jina, sema ulituma mtu.

Binti yako,
Consolatha

*

Nyumbani
3 Agosti 2025

Mwanangu Consolatha,

Marahaba. Mwandiko wangu unaujua, kuku akipita kwenye unga anaandika vizuri zaidi. Vumilia.

Sisi wazima. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mama yako anasema sabuni haiwezi kuwa imetosha, unamdanganya, atakuletea Jumamosi.

Hilo jingine nililijua kabla hujaandika. Siku ya pili ya ajali Wiston aliniambia: binti yako alikuja, akasimama kwenye uzio kama kigingi, akasema hakuna shida, akaacha kitabu. Nikamwomba alinyamazie. Kanyamaza. Ni mtu mzima naye ana mabinti.

Kosa ni langu. Nilimtuma mtu ambaye najua hawezi kusema mbele za watu. Tangu mdogo uko hivyo. Ulipokuwa na miaka sita ulikanyaga mwiba, ukatembea nao siku mbili kwa kuwa nyumbani kulikuwa na wageni. Mimi baba yako nayajua hayo, na bado nikakutuma, kwa sababu nilikuwa na jembe mkononi na sikutaka waseme Idefonsi kakimbia kuchimba.

Wachunguzi wakikusikia watakuita. Watakukalisha kwenye kiti, watu watatu wakuulize, mwingine aandike. Ukitoka hapo utakwenda kwenye mtihani na kichwa gani? Mimi nimezeeka. Waniulize mimi.

Usiandike tena kuhusu hili. Barua husomwa na watu wengi. Soma vitabu vyako.

Baba yako,
Idefonsi

*

Biharamulo
6 Agosti 2025

Consolatha,

Kitabu hakipo. Kilikuwa ndegeni, kimezama pamoja na vitu vingine. Usikisubiri.

Nimetoka wodini, nimepanga chumba hapa mjini mpaka kamati ikae. Nina shughuli nyingi, sitaweza kuandika mara kwa mara.

Nakutakia masomo mema.

Suzan

*

Bwenini, Ngara
Jumapili, 10 Agosti 2025

Dada Suzan,

Shikamoo. Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja na sabuni, na ndizi, na habari. Katika habari alisema: "Suzan kapata nafuu, nilimkuta juzi Alhamisi anasoma kile kitabu chenye picha ya wingu." Nilimwuliza mara mbili. Akasema ndiyo hicho ulichokuwa unatembea nacho likizo nzima mpaka unaunguza maharage.

Kwa hiyo hakikuzama, na umekifungua. Nimekaa na jambo hili tangu jana jioni na nimeona hakuna haja ya wewe kuniambia wala mimi kukuuliza. Ulichokikuta ndani ni mwandiko wangu. Niliyeandika "Baba hataingia ziwani leo, kuna msiba, tafadhali msitue hapa, saa mbili kasoro dakika tano" ni mimi. Baba alinituma niseme. Sikusema. Baba anasema alisahau ili anilinde mimi.

Barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa inakuomba usikifungue kitabu. Nilikuwa nataka karatasi irudi kwangu niichane kabla mtu hajajua. Huo ndio ukweli na unanitia aibu kuuona hapa umeandikwa. Wewe ulikuwa unaniandikia kwa mkono wa kushoto, mimi nilikuwa nakuibia.

Una haki ya kunikasirikia. Mkono wako umevunjika kwa sababu ya ukimya wangu. Kitu kimoja tu sikielewi. Kama ulikasirika, ungeipeleka karatasi kwa wachunguzi, na baba angepona. Badala yake umeniambia kitabu kimezama. Kwa nini, dada?

Consolatha

*

Biharamulo
15 Agosti 2025

Conso,

Umeuliza kwa nini. Nimeandika barua hii mara nne.

Wiston alikuja wodini tarehe 2 na begi langu, amekusanya vitu vyangu kutoka kambini. Kitabu kilikuwa ndani. Nikamwambia, mtoto huyu anakitaka kitabu chake, kumbe alikirudisha lini? Akanitazama hivi, akasema, "Si nilikupa mwenyewe ile asubuhi, mkononi, unafunga kamba za viatu?"

Aliposema viatu, nikakumbuka. Nilikipokea. Nikaona karatasi imechungulia. Nikafurahi, maana wewe kila ukirudisha kitabu unaweka karatasi, unaandika ulichokipenda na maneno usiyoyaelewa. Mimi huwa nazisoma barua zako jioni, kazi ikiisha, nikiwa nimetulia. Nikasema moyoni, hii ya jioni. Nikakitupa kitandani, nikaenda kuruka.

Sasa umeelewa. Ujumbe wako ulifika. Ulifika kwa rubani, saa moja na nusu kabla ya ajali, ukiwa na saa na sababu. Karatasi ile ikisomwa mbele ya kamati, baba yako anatoka na mimi ninaingia. Watasema rubani mwanafunzi alipewa taarifa akaiacha kitandani. Mguu wa Kapteni umekatwa, Conso. Chini ya goti. Ameamka, anaongea, hakumbuki chochote baada ya chai. Alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, tulikosea wapi?" Nikamwambia sijui.

Nina miaka ishirini na nne. Kwetu Nyakahura mama yangu anauza vitumbua na anamwambia kila mteja kwamba binti yake anaendesha ndege, hata asiyeuliza. Hili likijulikana sitagusa ndege tena.

Nilikwenda kwa baba yako Jumanne. Nilitaka kumwambia. Alinikaanga samaki, akanichambulia na miba kwa sababu ya mkono huu, akasema kabla sijafungua mdomo: "Mimi nimeshawaambia nilisahau. Yamekwisha. Wewe rudi ukaruke." Nikala samaki. Nikaondoka.

Nakuandikia nilichokuwa nakifikiria kwenye bodaboda kurudi. Tukinyamaza wote watatu, anayeumia ni mmoja, na huyo mmoja amekubali mwenyewe. Nilipokifikiria kilikuwa na mantiki. Nikikiandika kinanuka.

Karatasi ninayo. Kiberiti pia kipo mezani, cha kuwashia mshumaa umeme ukikatika. Nimevitazama vyote viwili mpaka nimechoka. Niambie wewe nifanye nini. Najua wewe ni mdogo, najua si haki kukuuliza.

Suzan

*

Bwenini, Ngara
Jumanne, 19 Agosti 2025

Dada Suzan,

Shikamoo. Barua hii itakufikia kesho au kesho kutwa, na mimi nitakuwa nyuma yake. Alhamisi asubuhi napanda basi. Likipata pancha pale Benaco kama kawaida yake, nitafika jioni, lakini nitafika.

Jana nilikwenda kuomba ruhusa kwa matroni, mwalimu Joyceline. Nilisimama nje ya mlango wake tangu kengele ya chai mpaka akafungua mwenyewe, akasema, "Consolatha Idefonsi, ukizidi kusimama hapo utaota mizizi. Ingia au ondoka." Nikaingia. Nilikuwa na barua ya maombi mfukoni, nimeiandika vizuri, ina kichwa cha habari na aya tatu. Sikuitoa. Nilimweleza yote kwa mdomo tangu kaburi la mzee Celestini. Sijui ilichukua muda gani. Sauti ilikuwa inakatika, akawa anasema, "Endelea," halafu, "Endelea."

Nilipomaliza akaniambia kamati itapokea maelezo ya maandishi. Niandike, shule itagonga mhuri, yatatumwa, nami nibaki nisome, mtihani umekaribia. Alisema kwa wema kabisa. Na mimi kuandika ndiko ninakokuweza. Ningeandika maelezo ambayo hata wewe ungelia.

Nikamwambia, "Hapana, mwalimu." Sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Nilimwambia kwamba mara ya kwanza nilituma karatasi mahali nilipotakiwa kwenda na mdomo. Siwezi kutuma ya pili.

Kisha akasema, "Utavaa sare, na soksi zivutwe juu."

Sasa nikujibu swali lako. Siwezi kukuambia ufanye nini. Nimejaribu, lakini kila jibu ninalopata ni mimi kukutuma wewe ukaseme kwa ajili yangu. Nitakuambia nitakachosema mimi, usije ukashtuka ukumbini. Nitasema baba alinituma. Nitasema nilimwogopa Kapteni na wageni wake, nikaandika, nikampa Wiston kitabu akupe. Hilo la kitabu siwezi kuliruka, kwa sababu nikiliruka nitakuwa nimesimama tena kwenye uzio. Wakiniuliza kama ulisoma, nitasema hukusoma, na kwamba karatasi zangu nyingine zote zilikuwa za kusomwa jioni. Zaidi ya hapo sijui.

Karatasi na kiberiti viko kwako. Ukiichoma, sitamwambia mtu kwamba ulikuwa nayo. Ukiileta, nitakaa karibu na wewe.

Naogopa sana, dada. Usiku naota wananiuliza jina nami sina.

Mdogo wako,
Consolatha

*

Nyumbani
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu,

Natumaini ulifika bwenini salama na matroni hakukugombeza kwa kuchelewa. Sikukusindikiza stendi. Mama yako alikwambia nilikuwa na shughuli. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi kwenye tofali, sitaki mtu anione uso.

Nakuandikia yaliyotokea baada ya wewe kutolewa nje, maana ulisema kisha wakakuambia usubiri kule, na mama yako hasimulii vizuri, anaanzia mwisho.

Kwanza wewe mwenyewe. Ulipoingia na sare, nilitaka kusimama nikuzuie. Mama yako akanikanyaga mguu, na kiatu chake unakijua. Ukaanza, hakuna aliyekusikia. Yule mama mwenyekiti akasema, "Binti, ongeza sauti." Nikasema moyoni, amekwisha. Ukaongeza. Akasema tena, "Waliokaa nyuma hawakusikii." Ukageuka ukatutazama sisi wa nyuma, ukaongeza tena.

Ulipotoka, Suzan akasimama bila kuitwa. Akatoa karatasi kwenye kile kitambaa cha kuningʼinizia mkono. Akasema, "Ujumbe huu ulinifikia saa mbili na nusu. Sikuusoma. Nilikuwa nao siku ishirini, nikanyamaza." Akaiweka mezani, akakaa. Hakulia. Alikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, mpaka ile saa uliyoiandika.

Wametoa uamuzi jioni. Faili langu haliendi polisi. Kazi ya mtumbwi nimeachishwa kwa kuwa nilidanganya kamati, na siwalaumu. Suzan haruki kwa miezi sita, baada ya hapo atapimwa upya, ila hawakumfukuza. Mwenyekiti alisema kosa la kwanza ni la mradi wenyewe, kuweka roho za watu wawili kwenye mtumbwi mmoja bila kuwa na njia ya kujua kama upo au haupo. Tangu sasa, bila kuuona mtumbwi kwa macho, ndege haitui. Kapteni alikuwa anasikiliza kwenye simu kutoka Mwanza. Mwishoni aliuliza yule binti ana umri gani.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikae kwenye tofali.

Kabla hawajafunga, mwenyekiti aliniita mbele. Akaniuliza, "Mzee Idefonsi, kwa nini ulituambia ulisahau?" Nikamwambia: "Mama, mwanangu hawezi kusema mbele za watu. Niliogopa mtamkalisha kwenye kiti hicho."

Akakitazama kile kiti, akanitazama mimi. Akasema, "Amekaa, mzee. Na umemsikia."

Nikasema, "Nimemsikia."

Baba yako,
Idefonsi